Debe la Udongo wa Kisima Kimoja

Hapo zamani za juzi, redio zilipokuwa bado zikitangaza kwamba mambo yako mbioni, ilikuwepo Jamhuri ya Mchakato. Ilikuwa nchi njema sana. Wananchi wake hawakudanganywa hata siku moja. Waliambiwa tu kwamba jambo lao liko kwenye mchakato, nao wakashukuru na kwenda zao.

Katika nchi hiyo palikuwa na Wilaya ya Upembuzi, na wilaya hiyo ilijivunia Sheria ya Kukanyaga Kwanza. Sheria ilisema hakuna mradi utakaopitishwa mpaka madiwani wote wasimame kwa miguu yao miwili juu ya ardhi yenyewe na kujiridhisha. Udongo wa ardhi hiyo utatiwa kidogo kwenye chupa na kupigwa lakiri, na mradi utajengwa pale udongo ulipotoka, na si penginepo. Aliyeitunga sheria hii alikuwa na nia safi, Mungu amrehemu. Alikuwa amechoka kuona watu wakigawa ardhi wasiyoijua. Kitu asichokifikiria ni kwamba madiwani wa Upembuzi hawapendi vumbi.

Baada ya mashauriano ya miezi saba, wanasheria wa halmashauri waligundua kwamba sheria haikumwagiza diwani aifuate ardhi. Basi ardhi ikaanza kumfuata diwani. Ililetwa kwa debe, ikamwagwa kwenye sinia kubwa la bati mlangoni mwa ukumbi, na kila diwani akapanda juu yake na kutamka kwa sauti: "Nimefika, nimejiridhisha." Posho ya safari waliendelea kuipokea, maana sheria haikutaja safari iwe ya hatua ngapi.

Mwenye kazi ya kuileta ardhi alikuwa tarishi mmoja aliyeitwa Sikitu, mwanamke mnyamavu, mrefu, mwenye mabega ya kubebea. Cheo chake kilikuwa Mleta Ardhi Daraja la Tatu. Daraja la Kwanza na la Pili hayakuwa na watu, lakini yalikuwa na magari. Siku yake ya kwanza kazini aliagizwa udongo wa Mlima Sumbi, mwendo wa siku mbili kwa miguu, na kikao kilikuwa saa tisa alasiri ileile. Sikitu akasimama uani na debe lake. Akatazama barabara, akatazama jua. Kisha akazunguka nyuma ya ofisi, kwenye bustani ya Mwenyekiti, akachota udongo mweusi wenye mbolea ya mbuzi karibu na migomba, akaupeleka.

Hakuna aliyeuliza. Mara ya pili akachota palepale, na ya tatu, mpaka ikawa ndiyo kazi yenyewe. Miaka kumi na mmoja ikapita hivyo, na miradi kumi na mmoja ikakanyagwa: zahanati, machinjio, soko la samaki kwenye wilaya isiyo na ziwa, uwanja wa ndege. Hakuna hata mmoja uliojengwa. Wala hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa yote ilikuwa kwenye mchakato.

*

Mradi wa kumi na mbili ulikuja na mchoro wa rangi. Uliitwa Kituo Kikuu cha Wasafiri: pampu za mafuta mia mbili, vyoo mia nne, maegesho ya malori elfu moja, mgahawa wa ghorofa tatu, na juu ya paa sanamu ya chapati inayozunguka usiku na mchana. Kwa siku barabara ya Upembuzi ilipitiwa na magari thelathini na matatu, ukihesabu na mkokoteni wa mzee wa mkaa. Mtaalamu aliandika kwamba hilo si tatizo. Magari yatakuja yakishasikia habari za vyoo.

Mwekezaji, Bwana Lugendo, alikuwa mtu wa vitendo. Kuchagua eneo hakukumchukua hata dakika. Alifungua ramani mezani na kuweka kidole. Kidole chake kilikuwa kinene, na chini yake palikuwa na kijiji kizima, Kisima Kimoja.

Jina la kijiji halikuwa la mapambo. Mababu walichimba visima saba, sita vikatoa maji ya chumvi ambayo hata punda aliyanusa akageuka. Cha saba ndicho kilichowaweka hai. Kwenye mchoro wa rangi, mahali pa kisima hicho palikuwa na duara jekundu lenye maneno "matangi ya mafuta, yatazikwa".

Sikitu aliuona mchoro akiwa anapeleka chai. Alizaliwa Kisima Kimoja, na mama yake, Bi Nyamizi, alikuwa bado anateka maji pale kila alfajiri kwa mikono yake mwenyewe. Kikombe kikagonga sahani, chai ikamwagika kwenye chapati ya paa. Aliogopa. Hakuwahi kuogopa ofisini pale, maana hakuwahi kuamini kwamba ofisi ile inaweza kufanya jambo lolote.

"Mheshimiwa," alisema, "pale pana kisima."

Mwenyekiti wa Halmashauri, Mheshimiwa Kasembe, alikuwa mtu wa kusikiliza. Alivua miwani kabisa ili asikilize vizuri.

"Kisima ni kitu gani, Sikitu?"

"Ni maji, Mheshimiwa."

"Na kituo hakitakuwa na maji?"

"Ya chupa, Mheshimiwa."

"Kumbe! Wanakijiji watoke kwenye ndoo waingie kwenye chupa, halafu wewe unalia? Hayo ndiyo tunayoyaita maboresho." Akavaa miwani. "Tena walishirikishwa. Tangazo la kuomba maoni limebandikwa ndani ya kabati langu siku ishirini na moja, na hakuna hata mmoja aliyeleta pingamizi. Umma umekubali, mama. Ungekuwa haujakubali, ungesema."

Kisha akatamka jambo ambalo Sikitu hakulitarajia. Bwana Lugendo hakuamini madebe ya watu. Alikuwa ametoa gari lake na dereva wake, ili kwa mara ya kwanza katika historia ya wilaya udongo ukachotwe mahali penyewe, na dereva ashuhudie kwa macho.

*

Dereva aliitwa Chande. Alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi, asiyependa maneno. Walifika Kisima Kimoja kabla ya saa nne, jua likiwa limeshaanza kuchoma. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji walilitazama gari lile kubwa, kisha wakamtazama Sikitu akishuka na debe. Mwenye macho haambiwi tazama.

Bi Nyamizi alikuja akijikongoja. "Mwanangu, umekuja kuchukua nini?"

"Udongo, mama."

"Wa nini?"

"Wa kukanyagwa na madiwani."

Mama yake alimtazama Sikitu akichota ule udongo mweupe, mlaini, wa kando ya kisima, na Sikitu alihisi kila koleo likimchota yeye. Chande alisimama palepale akishuhudia, kama alivyoagizwa, na akashikwa na kikohozi. Bi Nyamizi akateka maji, akamletea kata iliyojaa.

"Kunywa, baba. Vumbi la njia hilo."

Chande akanywa. Akarudisha kata, akaomba tena, akanywa mpaka akaona kitako cha kata. Walipokuwa wanakaribia mjini ndipo aliposema: "Dada, maji yale ni matamu."

"Ndiyo," alisema Sikitu. "Ni hayohayo tu."

Walifika ofisini saa nane na nusu. Chande akaenda kuegesha gari. Sikitu akabaki uani na debe lake. Miguu ilijua njia ya kwenda bustanini; ilikuwa imeipita mara kumi na moja bila kumuuliza mwenyewe. Ajabu ya dunia, dhambi aliyoifanya kwa miaka kumi na mmoja bila hata kutoa jasho, sasa ilikuwa ikimtoa jasho kwa kuwa safari hii alijua kwa nini anaifanya.

Akazunguka nyuma ya ofisi. Akaumwaga udongo mweupe chini ya migomba. Akachota mweusi.

*

Ukumbi ulijaa. Bwana Lugendo alikaa mbele, na Chande akasimama mlangoni, hatua mbili tu kutoka kwenye sinia. Sikitu alipoinamisha debe, udongo ukamwagika mweusi tititi, na kipande cha ganda la ndizi kikatokeza juu. Akakisukuma chini kwa kidole cha mguu. Alipoinua macho, yakagongana na ya Chande. Chande alitazama sinia. Akamtazama yeye. Akatazama sinia tena.

Mheshimiwa Kasembe akasimama. "Ndugu wajumbe, leo tunaandika historia kwa wino wa nyayo. Kuna nchi zilizoendelea ambazo hadi leo msafiri akibanwa hana pa kwenda. Sisi tumesema hapana! Kwa vyoo mia nne, ndugu zangu, hatutabanwa tena!" Makofi yakapigwa kwa dakika nne, kama ilivyopangwa kwenye ratiba.

Akaitwa Mthibitishaji wa Udongo, Bwana Mdoe. Huyu alisomea udongo kwa miaka sita ng'ambo, na kazi yake serikalini ilikuwa kuuonja. Alipiga goti, akachukua kidole cha udongo, akautia mdomoni, akafumba macho. Madiwani wakanyoosha shingo.

Bwana Mdoe akafumbua macho. Akakunja uso.

"Udongo huu," alisema polepole, "mimi naujua."

Sikitu akashika ukuta.

"Naujua vizuri sana. Nimeuonja uwanja wa ndege, nikaukuta. Nimeuonja kwenye machinjio, nikaukuta. Una uchachu uleule na harufu ileile ya mbali ya mbuzi." Akamgeukia Mwenyekiti. "Mheshimiwa, huu ndio udongo halali wa wilaya yetu. Ungekuwa na ladha nyingine, ningetia shaka."

Sikitu hakujua kama acheke au alie. Lakini Bwana Lugendo hakuridhika. Alimnyooshea kidole mtu wake, kidole kilekile.

"Chande! Ulikuwepo udongo ukichotwa?"

"Nilikuwepo, bosi."

"Ulichotwa Kisima Kimoja?"

"Ulichotwa Kisima Kimoja, nikiona kwa macho yangu. Ukapakiwa kwenye gari, nikauleta mpaka hapa uani."

Yote yalikuwa kweli tupu. Bwana Lugendo alisubiri aendelee. Chande akakohoa, akameza mate, akatazama dari. Sikitu alihesabu pumzi zake: moja, mbili, tatu, nne.

"Basi," alisema Bwana Lugendo. "Wakanyage."

Wakakanyaga. Madiwani arobaini na wawili walipanda na kushuka, nimefika, nimejiridhisha, nimefika, nimejiridhisha, na mmoja mwenye gauti akaomba na kuruhusiwa kukanyaga akiwa amekaa. Udongo ukatiwa chupani, lakiri ikapigwa, na mradi ukapita bila kura hata moja ya kupinga. Mlangoni Chande alipita karibu na Sikitu bila kumwangalia. "Nisalimie bibi," alisema.

*

Mchakato ungeishia hapo kama kawaida, lakini Bwana Lugendo alikuwa ameajiri mpimaji kutoka nje. Mgeni yule hakuwa na mtu wa kumfundisha mambo yetu, kwa hiyo aliisoma sheria na kuifuata kama ilivyoandikwa. Alichukua chupa na mashine yake, akaenda Kisima Kimoja, akapima kama udongo wa pale unafanana na wa chupani. Mashine ikakataa. Akapima kando ya barabara yote, hatua kwa hatua, kwa wiki tatu. Jumanne asubuhi mashine ikapiga king'ora nyuma ya ofisi ya halmashauri, kwenye migomba, mita tano kutoka choo cha madiwani.

Ijumaa yake yakaja matingatinga.

Kikao cha dharura kiliitishwa huku vumbi la ukuta wa mashariki likiingia madirishani. Sikitu alisimama pembeni akingoja kukamatwa. Diwani mmoja aliyekuwa bado mgeni kazini akapendekeza waseme tu kwamba udongo ulikosewa. Mheshimiwa Kasembe alimtazama kwa huruma.

"Tukisema wa kumi na mbili ulikosewa, ndugu, watu watauliza wa kwanza. Serikali haikosei. Serikali ikiona ofisi yake imekaa juu ya mradi, inaiondoa ofisi." Akachukua kengele ya kikao, saa ya ukutani na picha yake mwenyewe, akawa wa kwanza kutoka.

Kituo kikajengwa pale, kando kabisa ya barabara, na kila mtu akakiri kwamba ndipo palipofaa tangu mwanzo. Chapati ikaanza kuzunguka. Halmashauri ikahamia kwa muda kwenye shule ya chekechea, madiwani wakawa wanakaa kwenye viti vidogo, magoti yakigusa videvu.

Viti hivyo ndivyo vilivyoleta balaa. Mwezi wa pili migongo ilishindwa, na madiwani wakaazimia kujenga ukumbi mpya haraka. Wapi? Mtu akakumbuka kwamba pale Kisima Kimoja palikuwa pamekwisha kuonekana panafaa, na mchoro upo. Duara jekundu likafutwa maneno ya mafuta, likaandikwa "ofisi ya Mwenyekiti".

"Sikitu," alisema Mheshimiwa Kasembe, "leta udongo. Kikao ni kesho kutwa."

*

Bustani haikuwepo tena. Palipokuwa na migomba sasa palikuwa na zege, na juu ya zege palikuwa na choo namba mia tatu na kumi na tano.

Sikitu alitoka na debe, akatembea. Alisimama penye uwanja wa mpira. Akawaza kwamba akichota hapa, mpimaji atakuja hapa. Alisimama penye shamba la mihogo la mjane mmoja. Akamwona mjane mwenyewe akipalilia. Akasimama kando ya makaburi, akaona haya. Zamani udongo ulikuwa udongo. Sasa popote alipotaka kuinama palikuwa na mtu. Alitembea siku nzima na debe tupu, na kesho yake alifika Kisima Kimoja akiwa amechoka roho na miguu, akakaa ukingoni mwa kisima na kulia kama mtoto mbele ya mama yake.

"Nichote wapi, mama? Nikichota kwa watu, nimewaua. Nikichota hapa, nimekuua wewe."

Bi Nyamizi akalivuta debe, akapiga magoti kwa taabu, akaanza kulijaza mwenyewe udongo mweupe kwa mikono yake.

"Wenzetu wana kosa gani?" alisema. "Peleka wetu. Angalau mara moja upeleke kitu cha kweli, halafu tumwachie Mungu."

Sikitu akaubeba. Hakulala njiani, hakupumzika. Mlangoni mwa chekechea akaumwaga kwenye sinia, mweupe, mlaini, bado na unyevu wa kisima.

Bwana Mdoe alipiga goti. Akachukua kidole, akatia mdomoni, akafumba macho. Uso ukamgeuka. Akatema mate, akatema tena, akaomba kitambaa.

"Mheshimiwa! Huu si udongo!"

"Si udongo?"

"Hauna uchachu! Hauna mbuzi! Nimeonja udongo wa wilaya hii miaka kumi na miwili, mradi kwa mradi, na haujawahi kuwa hivi. Hii ni bidhaa ya kughushi!"

Ukumbi ukalipuka. Sikitu aliwatazama wote, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akapaza sauti. "Nimeuchota Kisima Kimoja! Naapa kwa maziwa ya mama yangu, huu ndio wenyewe!"

Walicheka mpaka viti vidogo vikavunjika.

Azimio lilipita siku hiyohiyo bila pingamizi: kwamba eneo la Kisima Kimoja halina udongo halali, hivyo lisiguswe na mradi wowote, milele, na kwamba Mleta Ardhi Daraja la Tatu, baada ya miaka kumi na miwili ya uaminifu usio na doa, amefukuzwa kazi kwa kosa la kughushi. Nafasi yake itatangazwa. Iko kwenye mchakato, na madiwani hadi leo wako chekechea.

Sikitu alirudi nyumbani na debe tupu, ndicho kiinua mgongo pekee alichopewa. Alimkuta mama yake kisimani.

"Wamesemaje?"

"Wamesema ni wa uongo, mama."

Bi Nyamizi akalitazama debe, akatazama kisima, akacheka taratibu mpaka machozi yakamtoka. Kisha akalichukua debe, akalisuuza mara mbili kutoa vumbi la serikali, akalifunga kamba na kuliteremsha majini.